Azimio Nililolikata Vipande Viwili

Vijana, kila tukikutana hapa Chaka mnaniuliza swali lilelile: "Mathe, kule kwa gavana ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Nikiwajibu kwamba nilikuwa karani wa baraza la mawaziri la kaunti, mnatikisa kichwa kwa heshima, lakini macho yenu yanasema hamjaelewa kitu. Mnadhani nilikuwa nikimbebea gavana mkoba.

Basi kaeni niwaeleze. Gavana na mawaziri wake hukutana, na kwetu ilikuwa Jumanne. Kabla ya kukutana, kila idara huleta waraka wake: tunataka kufanya jambo fulani, kwa sababu fulani. Ofisi yetu huupokea, huusoma, huurudisha kama ni mbovu, na ukikaa sawa huugawa kwa mawaziri mapema ili wasije mkutanoni wakifungua bahasha kwa mara ya kwanza. Wakishakutana, ofisi hiyohiyo huandika walichokubaliana na kukipeleka kwa watakaokitenda. Ni hivyo tu. Lakini gavana awe na akili kiasi gani, kama hakuna mtu wa kuandika alichoamua na kukifikisha kwenye mlango unaofaa, uamuzi wake utabaki mezani mpaka mfagiaji aje.

Kaunti yenyewe sitaitaja. Ni ya huku Mlima Kenya, hilo linatosha. Mimi ni mtoto wa Makueni. Niliingia serikalini kama mpiga chapa, nikaletwa huku kwa barua ya uhamisho nikiwa msichana, nikaiona ile baridi ya Julai, nikaapa kwamba nitakaa mwaka mmoja tu. Mnaniona bado nipo, na sasa nikienda Makueni ndiko ninakolalamika joto.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nderitu, karani wa faili tangu enzi za mkuu wa mkoa. Alikuwa mfupi, mkali, na alivaa sweta moja la kijani mwaka mzima. Siku ya kwanza alinipa kiti na kuniambia, "Mutheu, hii kazi ni ya masikio na miguu. Mdomo wacha nyumbani."

Masikio nilielewa. Miguu niliielewa baadaye. Kila waraka wa baraza una namba yake, na baada ya mkutano nakala zote hurudi, moja baada ya nyingine, kwa sababu mambo ya baraza ni siri mpaka yatangazwe. Jumanne moja nikahesabu, nakala namba saba haipo. Waziri aliyekuwa nayo alikuwa ameshatoka, amekwenda kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya mpwa wake. Mzee Nderitu hata hakuninunia. Alinionyesha mlango. Nikaenda mpaka kwenye hiyo ruracio, nikakaa kwenye hema na wazee wa upande wa bwana harusi, nikala mukimo, nikasubiri waziri amalize kujadili mbuzi, kisha nikamnong'oneza. Akaitoa mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nne na ina doa la supu. Niliporudi nayo Mzee akasema, "Hata supu utaandika kwa rejista."

Alinifundisha pia kuandika azimio. Usiandike nani alisema nini, andika walikubaliana nini. Na usiwaache wainuke kabla hujawasomea ulichoandika, kwa sababu watu wenye njaa hukubali haraka na kusahau haraka. Kisha akanifundisha kutoa dondoo. Dondoo ni kipande cha maazimio kinachoihusu idara moja, kwa kuwa si kila idara inapaswa kujua mambo ya wenzake. Enzi zake alilikata azimio kwa mkasi kabisa, akakigandisha kipande kwenye karatasi nyingine, akapiga muhuri. Mimi nilikuta kompyuta. Nilikuwa mwepesi, na dondoo zangu zilikuwa safi, hazina neno la ziada. Mawaziri walinisifu. Nami nilipenda kusifiwa, acha niseme ukweli.

Mzee alishastaafu zamani wakati lilipotokea jambo ninalotaka kuwaambia. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa meza ile, na nilibakisha miaka minne tu niende nyumbani na pensheni yangu.

Kulikuwa na soko la mifugo kando ya lami, watu waliliita Soko la Juu. Siku ya soko, Jumatano, mbuzi na ng'ombe walivuka barabara katikati ya magari, na ajali hazikuwa chache. Idara ya biashara ikaleta waraka: soko lihamie kiwanja kipya, kilomita mbili kwa chini, ambako kaunti ilikuwa imeweka uzio na mageti mazuri. Mkutanoni mtu akauliza juu ya maji. Kwa kweli kiwanja kile hakikuwa na tone la maji, na mwaka huo mvua ilikuwa imetukwepa. Gavana akakata shauri kwa maneno machache: maji kwanza, soko baadaye.

Niliandika mambo mawili. La kwanza, idara ya biashara ihamishie soko kwenye kiwanja kipya. La pili, idara ya maji ifikishe maji kwenye kiwanja hicho kabla ya soko kuhamishwa. Nikawasomea kabla hawajainuka. Wote wakakubali. Hapo sikukosea hata herufi.

Nilikosea Alhamisi, nilipokuwa nikitoa dondoo. La kwanza linawahusu watu wa biashara, basi nikawapelekea watu wa biashara. La pili linawahusu watu wa maji, nikawapelekea watu wa maji. Safi, bila neno la ziada. Katibu wa Kaunti, Madam Wangeci, ambaye ndiye mkubwa wetu, akatia sahihi kwa sababu aliniamini, nami nikapiga muhuri. Yaani nililichukua shauri moja la gavana nikalikata katikati, kila idara ikapata nusu, na ile nusu ya watu wa biashara ilisema tu: hamisha.

Sikujua. Nililala usingizi mzuri siku sita.

Jumatano iliyofuata, saa mbili asubuhi, simu ya mezani ikalia. Alikuwa mhandisi wa maji, kijana mpole wa kutoka Busia.

"Madam, samahani kukusumbua. Hii karatasi yenu inasema maji ifike kabla soko ihame, si ndio?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hapa nje askari wanapanda lori, wanasema wanaenda kuhamisha soko leo? Mimi hata kuchimba sijaanza."

Nilifungua faili. Nikaweka dondoo mbili kando kwa kando, nikazisoma. Ile ya watu wa biashara haikuwa na neno maji.

Nikampigia afisa mkuu wa biashara, Bwana Kirimi. Nilimwambia asimamishe shughuli, kuna sharti la maji halikuandikwa kwenye dondoo yake.

"Madam, mimi niko na karatasi iko na muhuri. Haisemi maji mahali popote."

"Najua. Nitakutumia picha ya azimio lote sasa hivi kwa simu."

"Madam Mutheu, na si ni wewe ulituandikia barua ati picha ya simu si waraka? Ati karatasi ya baraza inasimamishwa na karatasi ingine ya baraza? Iko hapa kwa ukuta yangu. Juzi nilisimamisha kazi ya barabara ya soko juu ya simu, kumbe ilikuwa uongo, nikaitwa na kukaripiwa mbele ya watu. Lete karatasi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinitii mimi. Barua ile niliiandika kwa kiburi cha mtu anayejua kazi yake, nikaisambaza kwa idara zote, na sasa ilikuwa imesimama mlangoni ikinizuia kupita.

"Mnaanza saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa tano. Tingatinga iko njiani, itaangusha zile boma za zamani ndio watu wasirudi."

Mtu wa kutia sahihi alikuwa Katibu, na Katibu alikuwa Nyeri na gavana, kwenye mkutano wa viongozi wa Mlima, simu zimekusanywa mlangoni. Nikaandika dondoo mpya, safari hii azimio lote, nusu zote mbili. Jina la idara nililiandika mara tatu ndipo likakaa. Kisha nikafanya jambo ambalo Mzee Nderitu angenifukuzia kazi: nikachukua muhuri, nikaufunga kwenye kitambaa, nikautia kwenye mkoba. Muhuri hautoki ofisini. Siku ile ulitoka.

Dereva alikuwa Wekesa, mtu wa Bungoma, ambaye kwa kawaida huendesha gari huku akisimulia habari za mpira. Siku ile aliniona uso, akakanyaga mafuta. Njia nzima nilitazama saa na kuhesabu: kwenda saa moja, kurudi mpaka sokoni kama hivyo, na katikati nimebakiza dakika hamsini za kumpata Katibu. Tulipopita hapa Chaka tukakuta lori limelala na viazi vimemwagika barabarani. Dakika ishirini zikaenda hapo. Nilimwambia Mungu maneno ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kumwambia.

Pale Nyeri mlinzi alikataa. "Mathe, huku ni maheshimiwa peke yake."

Sikubishana naye. Mlinzi ukimbishia anaongezeka urefu. Niliandika kwenye kikaratasi, "Azimio la soko limetoka nusu. Wanabomoa saa tano," nikamwomba ampelekee Madam Wangeci mkononi, nikamwambia akichelewa jina lake nalo nitaliandika. Akaenda mbio.

Katibu alitoka akiwa ameshika miwani. Nikampa dondoo mbili za zamani na moja mpya. Alisoma akiwa amesimama. Aliponyanyua macho hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mutheu. Hata wewe?"

"Ni mimi, madam. Nililigawa azimio."

"Na mimi nikaweka sahihi," akasema, akaiegemeza karatasi ukutani akatia sahihi, kwa kuwa hapakuwa na meza. Kisha akasema hawezi kurudisha nyuma jambo lililoanza kutendwa bila gavana, mwenyekiti wa baraza, kujua, akanivuta mkono mpaka kibarazani, mahali gavana alipokuwa ametoka kunyoosha miguu.

"Mheshimiwa, kumetokea hitilafu ya uandishi kwa lile azimio la soko la mifugo. Inarekebishwa sasa hivi."

Gavana akasoma upesi, akaandika herufi za jina lake pembeni. "Hitilafu ya nani?"

"Ya ofisi, mheshimiwa," akasema Katibu.

Gavana akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na mdomo niliuacha nyumbani kama nilivyofundishwa. Nilitazama viatu vyangu. Nilifikiria pensheni. Nimewaahidi ukweli, ndio huo.

Nilipiga muhuri kwenye boneti ya gari.

Tulifika Soko la Juu saa tano na dakika kumi. Askari walikuwa wamejipanga, tingatinga inanguruma, na watu wameshika mifugo yao kwa kamba fupi fupi. Nilishuka kabla gari halijasimama. Kirimi alinipokea katikati ya vumbi, akaisoma ile karatasi, akaigeuza akasoma nyuma ambako hapakuwa na kitu, akaigeuza tena. Kisha akainua mkono, na ile mashine ikazimwa. Boma moja lilikuwa limeshaanguka. Mengine yote yalikuwa yamesimama.

Watu walipiga kelele za furaha. Mnunuzi mmoja wa Nanyuki, Hajji Guyo, aliyekuwa akinunua mbuzi pale kwa miaka mingi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu aniweke. Nami nilianza kupumua. Nilikuwa hata nimeanza kujisifu moyoni, kwamba nimekimbia vizuri kwa umri wangu.

Ndipo Hajji akauliza, "Na wale walitangulia?"

"Nani walitangulia?" Kirimi akauliza.

"Wale walisoma notisi ya kuhama wakatii. Walienda jana mchana kushika nafasi nzuri. Wako huko chini tangu jana."

Kirimi akanitazama, nami nikamtazama. Tulikwenda kwa gari.

Kiwanja kipya kilikuwa kizuri kweli. Uzio umenyooka, mageti yamepakwa rangi ya kijani. Ndani kulikuwa na watu kama kumi na mbili, na mifugo iliyoacha hata kulia. Wengine walikuwa wamewashusha mbuzi wao mpaka mtoni asubuhi na kurudi. Mtoni ni mbali, na ni mteremko. Mwanamke mmoja hakuweza kushuka, kwa sababu aliyekuwa naye alikuwa ng'ombe mwenye mimba kubwa, karibu kuzaa, aliyempeleka sokoni kwa kuwa mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani. Ng'ombe alikuwa amepiga magoti. Yule mama, waliomwita Nyina wa Karimi, alikuwa ameloweka kanga yake kwa maji ya kunywa aliyobakiza kwenye chupa, anampangusa nayo mdomoni.

Kirimi akawatangazia kwamba soko limerudi juu, poleni, mnaweza kwenda.

"Ni nani alisema tukuje huku?" yule mama akauliza.

"Mama, ni makosa ilitokea kwa karatasi."

"Karatasi haijiandiki."

Maisha yangu yote niliandika maneno ya aina hiyo. Imeamuliwa. Imeonekana. Imetokea hitilafu. Ni lugha nzuri ya serikali, haina mtu ndani yake, na dakika tisini kabla ya hapo nilikuwa nimejificha humohumo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Ni mimi," nikasema. "Naitwa Mutheu. Gavana alisema jambo moja, na mimi niliwaandikia nusu."

Alinitazama viatu, akapanda mpaka usoni. "Na hiyo nusu ingine ilikuwa inasema nini?"

"Maji kwanza."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Alifunga tu ile kanga kiunoni. "Mzee wangu aliniambia tungoje kwanza tuone wengine wakienda. Nikamwambia hii iko na muhuri, serikali haiwezi kututuma mahali hakuna maji." Kisha akanipa kamba. "Haya, vuta. Mimi nitasukuma."

Nikavuta. Kirimi akashika ubavu, koti na tai yake hivyohivyo, na Wekesa akaja na dumu la maji aliloweka garini kwa ajili ya redieta, tukamnywesha kidogo, ng'ombe akasimama. Kilomita mbili za kupanda tulitembea karibu saa mbili. Kisigino cha kiatu changu kiling'oka njiani. Yule mama alikuwa akimwambia ng'ombe kwa Kikuyu maneno ya kumbembeleza ambayo hata mimi niliyaelewa. Kwenye birika la kunyweshea mifugo pale Soko la Juu ng'ombe alikunywa mpaka tukamzuia.

Niliandikiwa barua ya onyo, ikatiwa kwenye faili yangu, na nilistahili. Nilibadilisha utaratibu wa dondoo: tangu siku hiyo azimio lenye sharti halikatwi, hata likihusu idara tano, zote zitasoma lote, na siri mtazitunza kwa njia nyingine. Nyinyi mtakaokaa kwenye meza ile, hilo nimewaachia. Na kabla hujatuma kipande, jiulize yule atakayekipokea peke yake, bila wewe kuwa karibu kumweleza, atakwenda kufanya nini kesho asubuhi. Kazi ya kumsaidia mkubwa wa serikali ni hapo ilipo. Gavana hataonekana kule kiwanjani. Itaonekana karatasi yako.

Jumapili Kirimi alinipigia. Ng'ombe alikuwa amezaa ndama mfu. Daktari wa mifugo alisema huenda ni kiu, huenda ni ile safari, huenda ingekuwa hivyo tu, hakutaka kuapa. Kirimi alinipa ile huenda ya mwisho mara mbili, ili niichukue. Sikuichukua.

Nilikwenda kwa Nyina wa Karimi wiki hiyo, peke yangu, sijui hata nilitaka kusema nini. Alinifungulia mlango, akanitambua, akanionyesha kiti jikoni. Hakuuliza nimefuata nini. Alichochea moto, akabandika sufuria, akanimiminia chai ya turungi kwenye kikombe chake kizuri, kisha akasimama mbele yangu amekishika kwa mikono miwili.

"Utanisamehe, Mutheu," akasema. "Hakuna maziwa."